Dripu Ishirini na Mbili kwa Pingili Moja

Mwaka 2019 nchi za Umoja wa Ulaya, ukijumlisha Uingereza na Uswisi, zilitumia yuro bilioni 56.9 kwa mifupa iliyovunjika kwa udhaifu. Hapa hahesabiwi mtu aliyegongwa na gari wala aliyedondoka kutoka ghorofani. Anahesabiwa aliyeteleza bafuni au kujikwaa kizingitini, akaanguka kutoka kimo chake mwenyewe, na mfupa ukaachia. Ukiifungua bili hiyo unakuta mafungu matatu. Kutibu mivunjiko mipya ya mwaka ule, milioni 4.3 kwa jumla, kulikula bilioni 36.3. Ulemavu uliobaki kutokana na mivunjiko ya miaka ya nyuma ulichukua bilioni 19. Dawa za kuzuia mifupa isivunjike zilipata bilioni 1.6, yaani chini ya senti tatu katika kila yuro. Na kati ya kila wanawake 100 waliostahili kupewa dawa hizo, 71 hawakuzipata.

Nimeanzia Ulaya kwa sababu huko bili inaandikwa. Afrika Mashariki gharama ipo, ila haina risiti moja. Sehemu yake ni vyuma vya nyonga ambavyo mara nyingi familia inaambiwa ikanunue yenyewe. Sehemu nyingine ni wiki kadhaa za kulazwa mguu ukivutwa kwa vizito, na nyingine ni binti aliyefunga genge lake ili amgeuze mama kitandani asipate vidonda. Hakuna wizara inayoijumlisha hesabu hiyo, na kwa hiyo inaonekana kama haipo.

Duniani kote makadirio yanayotumika zaidi ni ya mwaka 2000: mivunjiko ya udhaifu milioni 8.9 kwa mwaka mmoja, ambayo ni mmoja kila sekunde tatu na nusu. Katika hiyo, milioni 1.6 ilikuwa ya nyonga. Kati ya wanawake waliofika miaka 50, mmoja katika kila watatu atavunjika mfupa wa namna hii kabla hajafa. Kwa wanaume ni mmoja katika kila watano. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na kukoma kwa hedhi. Mfupa hauachi kukarabatiwa maisha yote: kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, kama mafundi wawili kwenye nyumba moja. Homoni ya estrojeni ndiyo inayomzuia mbomoaji asimtangulie mjenzi. Inaposhuka, mbomoaji anaongeza kasi, na kwa miaka kadhaa ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa mifupa yake kila mwaka bila kuhisi chochote.

Dawa iliyobadilisha mambo ilianzia mahali pasipotarajiwa. Viwandani kulikuwa na kemikali za fosfati zilizotumika kwenye sabuni za unga na mitambo ya maji ili chokaa isigande kwenye mabomba. Katika miaka ya 1960 mtafiti Herbert Fleisch na wenzake huko Uswisi walijiuliza kama mwili nao una kitu cha aina hiyo cha kudhibiti ugandaji wa kalsiamu, na majibu yao yakazaa kundi la dawa linaloitwa bisfosfonati. Dawa hizi hunasa juu ya mfupa na kukaa humo miaka. Seli bomoaji ikija kuchimba, inaimeza dawa pamoja na mfupa, inalemaa. Kidonge cha alendronati kiliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na dripu ya zoledronati kwa ajili ya mifupa dhaifu ikafuata mwaka 2007. Hataza za zote mbili zilishakwisha, na leo zinatengenezwa na viwanda vingi. Uingereza dozi ya alendronati ya mwezi mzima inaigharimu huduma ya afya kama pauni moja.

Sasa tuingie kwenye hesabu zenyewe, maana hapa ndipo matangazo ya dawa na ukweli hupishana.

Utafiti mkubwa wa zoledronati, uliopewa jina la HORIZON na kuchapishwa mwaka 2007, uliwachukua wanawake 7,765 wenye wastani wa miaka 73. Waligawanywa kwa kura: nusu walipata miligramu 5 za dawa kwa dripu mara moja kwa mwaka, nusu wakapata dripu isiyo na dawa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 10.9 ya wasiopata dawa walikuwa na pingili mpya ya uti wa mgongo iliyovunjika, dhidi ya asilimia 3.3 ya waliopata. Hapo ndipo linapotoka tangazo la "hupunguza kwa asilimia 70". Kwa nyonga ilikuwa asilimia 2.5 dhidi ya 1.4, punguzo la asilimia 41.

Asilimia 70 ni kweli, lakini haimwambii mwenye kulipa anachonunua. Chukua wanawake 1,000 kama wale, wape dripu tatu kila mmoja, yaani dripu 3,000. Utakuwa umewaepusha wanawake 76 na kuvunjika pingili na 11 na kuvunjika nyonga. Kwenye daftari hilohilo, upande wa pili, wanawake 316 watapata homa, maumivu ya misuli au kichwa siku chache baada ya dripu ya kwanza, wakati 62 wangeyapata hata kwa dripu tupu. Kwenye dripu ya tatu wanaopata shida hiyo hawafiki 30. Pia kutakuwa na kama wanawake 8 zaidi wenye mapigo ya moyo yaliyovurugika vibaya, jambo lililowashtua watafiti wenyewe. Ukigawanya dripu kwa nyonga zilizookolewa, unapata dripu zaidi ya 270 kwa nyonga moja. Kwa pingili ni kama 39.

Je, dripu 39 kwa pingili moja ni nyingi? Inategemea bei ya dripu, na zaidi inategemea kama kweli zinahitajika zote. Kwa muda mrefu swali hilo la pili halikuulizwa. Kampuni inayouza dawa inajaribu dozi itakayompa mgonjwa matokeo makubwa ndani ya miaka mitatu ili ipate idhini. Haina sababu ya kutafuta jinsi ya kuuza kidogo.

Walioliuliza walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakiwamo Ian Reid na Mark Bolland, kwa fedha za baraza la utafiti wa afya la nchi yao. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wanawake 2,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao mifupa yao ilikuwa imepungua lakini haijafikia kiwango cha kuitwa osteoporosisi. Hilo lilikuwa la maana, kwa sababu wengi wanaovunjika mifupa wako kwenye kundi hili la katikati ambalo miongozo ilikuwa inalipita. Dripu zilitolewa nne katika miaka sita, moja kila miezi 18. Kwa wasiopata dawa wanawake 190 walivunjika mfupa wa udhaifu. Kwa waliopata, 122. Tofauti ni wanawake 68 katika kila 1,000. Dripu 60 hivi kwa kila mwanamke aliyeepuka kuvunjika, safari hii ikihesabiwa mifupa ya kila aina.

Kisha Januari 2025 wakaja na jambo lililonifanya nitoe kikokotoo. Waliwafuatilia wanawake 1,054 waliokuwa na miaka 50 hadi 60 mwanzoni, wengi wakiwa hawajaacha hedhi muda mrefu, kwa miaka 10 mizima. Kundi la kwanza lilipata dripu mbili: moja mwanzoni, nyingine baada ya miaka mitano. Kundi la pili lilipata moja tu mwanzoni. Kundi la tatu halikupata dawa. Mwisho wa miaka kumi, pingili mpya zilizovunjika zilionekana kwa asilimia 6.3 ya kundi la dripu mbili, asilimia 6.6 ya kundi la dripu moja, na asilimia 11.1 ya wasiopata kitu.

Gawanya sasa. Wanawake 22 wakipewa dripu moja moja, mmoja wao anaepuka pingili iliyovunjika katika miaka kumi. Dripu 22 tu. Ukiwapa wote dripu mbili unatumia kama 42 kwa matokeo karibu yaleyale. Katika wanawake 1,000, dripu elfu ya kwanza inaokoa 45; elfu ya pili inaongeza watatu juu yake. Sisemi dripu ya pili ni bure, kwa sababu ukihesabu mivunjiko ya aina zote punguzo lilikuwa asilimia 30 kwa dripu mbili na 23 kwa moja. Lakini mpanga bajeti mwenye dripu 1,000 mkononi anapaswa kujua kwamba kuwapa wanawake 1,000 moja moja kunamlipa zaidi kuliko kuwapa 500 mbili mbili.

Tahadhari zipo na ni za kweli. Pingili hizi zilihesabiwa kwa picha za eksirei. Nyingine mwanamke mwenyewe hakuzihisi, ingawa pingili iliyobonyea ni onyo la mvunjiko unaofuata na ndiyo inayopinda mgongo wa bibi polepole. Katika umri huo nyonga zinazovunjika ni chache mno, kwa hiyo utafiti haukuweza kusema lolote la uhakika kuhusu nyonga. Pia wanawake wa HORIZON walikuwa wakubwa na wagonjwa zaidi, na kulinganisha dripu 39 na dripu 22 ni kulinganisha watu wawili tofauti. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: dozi ya kila mwaka iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya juu kuliko inavyohitajika kwa wengi.

Linganisha na upande wa pili wa soko. Romosozumabu, inayouzwa kwa jina la Evenity, iliingia Marekani mwaka 2019 kwa bei ya orodha ya dola 1,825 kwa mwezi, dola 21,900 kwa mwaka mmoja wa matibabu. Ni dawa yenye nguvu, inajenga mfupa badala ya kuzuia tu ubomoaji. Katika utafiti wa wanawake 4,093 waliokuwa tayari wamevunjika, waliopewa dawa hii kwa mwaka kisha alendronati walivunjika pingili kwa asilimia 6.2 ndani ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 11.9 ya waliopewa alendronati peke yake. Inahitaji wanawake 18 ili kumwepusha mmoja zaidi. Kwa bei ya orodha hiyo ni karibu dola 394,000 kwa pingili moja juu ya kile ambacho kidonge cha bei rahisi kingefanya. Bima hulipa pungufu ya bei ya orodha, sawa, na hao 18 wanaepuka mivunjiko mingine pia. Hata ukiikata nusu, bado si namba ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti cha Dodoma au Nairobi. Na matatizo makubwa ya moyo na mishipa katika mwaka wa kwanza yalikuwa asilimia 2.5 dhidi ya 1.9.

Denosumabu ni kisa kingine, na kwangu ndicho cha kuangaliwa zaidi katika nchi zetu. Ni sindano ya chini ya ngozi kila miezi sita, rahisi kuliko dripu, na matokeo yake ni mazuri: katika wanawake 7,868, pingili zilivunjika kwa asilimia 2.3 dhidi ya 7.2 katika miaka mitatu. Prolia, chapa yake ya kwanza, iliuza zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2024, na sasa nakala zake za bei nafuu zimeanza kuingia sokoni. Tatizo ni kuiacha. Zoledronati inabaki mfupani miaka. Denosumabu hainasi popote. Mgonjwa akikosa sindano, mbomoaji anarudi kwa hasira. Wanawake walioiacha walitoka kwenye mivunjiko 1.2 ya pingili kwa kila wanawake 100 kwa mwaka wakaenda 7.1, na wengi waliovunjika walivunjika pingili zaidi ya moja kwa mpigo. Muuguzi yeyote aliyewahi kumwambia mgonjwa "dawa imeisha, rudi mwezi ujao" ataelewa hatari ya dawa isiyovumilia kuchelewa. Nakala ya bei rahisi ikifika bandarini, swali la kwanza lisiwe bei ya sindano bali ni nani anahakikisha ya ishirini inafika kama ilivyofika ya kwanza, maana miaka kumi ni sindano 20.

Kwa vidonge hesabu ni tofauti tena. Alendronati humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji matupu, na mgonjwa asilale wala kula kwa nusu saa ili kidonge kisimchubue koo. Ni vidonge 520 kwa mwanamke mmoja katika miaka kumi. Karibu nusu ya wanaoanza huacha kabla ya mwaka kuisha, hata katika nchi ambako duka la dawa liko mtaani kwao.

Vipi kalsiamu na vitamini D, ambazo ndizo zinazojaa kwenye rafu za famasi? Zimepimwa kwa idadi kubwa kuliko dawa zote nilizozitaja. Marekani, kalsiamu pamoja na vitamini D ilijaribiwa kwa wanawake 36,282. Mivunjiko ya nyonga haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Vitamini D peke yake ilipimwa kwa watu 25,871: waliovunjika walikuwa 769 kwa waliomeza na 782 kwa wasiomeza. Mwenye upungufu halisi atibiwe, na kabla ya zoledronati ni lazima upungufu huo uondolewe kwanza ili kalsiamu ya damu isishuke ghafla. Lakini kumuuzia kila mama wa miaka 55 chupa ya vidonge kwa jina la mifupa ni biashara. Tiba ya homoni nayo inalinda mifupa kweli: katika wanawake 16,608 iliondoa mivunjiko 5 ya nyonga kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, ila ikaongeza saratani 8 za matiti na viharusi 8. Anayeitumia kwa ajili ya joto la mwili na jasho la usiku anapata faida ya mifupa juu yake. Kuianza kwa ajili ya mifupa tu ni hesabu ngumu kuitetea.

Kuna hofu moja inayowafanya wengi wakatae bisfosfonati: paja kukatika katikati bila sababu baada ya kutumia dawa miaka mingi. Hofu ina msingi, na imehesabiwa. Kusini mwa California rekodi za wanawake 196,129 zilionyesha mapaja 277 ya namna hiyo. Kwa kila wanawake weupe 10,000 waliotumia dawa miaka mitatu, mivunjiko 149 ya nyonga ilizuiliwa na mapaja 2 yakakatika. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 kwa 8. Hatari inapanda na miaka ya matumizi, jambo ambalo linaipa nguvu zaidi hoja ya Auckland ya kutoa kidogo.

Basi bei ya dawa si kikwazo kikuu tena. Kikwazo ni kumpata mwanamke anayeihitaji, na hapo ndipo fedha zinapokwenda. Waingereza walijaribu njia ya bei rahisi: waliwatumia wanawake wa miaka 70 hadi 85 hojaji kwa posta, wakakokotoa hatari ya kila mmoja, wakawaita walio hatarini tu kwenye mashine ya DXA inayopima uzito wa mifupa. Utafiti uliwahusisha wanawake 12,483. Jumla ya mivunjiko haikupungua kwa maana, lakini ya nyonga ilishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 2.6. Wanawake 111 kwa nyonga moja, na kazi kubwa ilifanywa na karatasi na stempu.

Sisi hatuna posta ya namna hiyo, na mashine za DXA ziko mijini, kwenye hospitali kubwa na vituo binafsi. Lakini sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi hiyo inakwenda juu tu. Kwa maoni yangu hatuhitaji kuanza na mashine. Kuna kundi ambalo mfupa wenyewe umeshatoa majibu: aliyelazwa wodini na nyonga iliyovunjika kwa kuanguka sebuleni. Huyo hahitaji DXA. HORIZON ilikuwa na tawi la pili lililowapima watu 2,127 wa aina hiyo, robo yao wanaume, wakipewa dripu ndani ya siku 90 baada ya upasuaji na kurudiwa kila mwaka. Mivunjiko mipya ilishuka kutoka asilimia 13.9 hadi 8.6. Vifo vilishuka kutoka asilimia 13.3 hadi 9.6 katika muda wa chini kidogo ya miaka miwili. Ni kifo kimoja kwa kila watu 27, na kwa makisio ya dripu mbili kwa mtu, kama dripu 54.

Gharama ya kumfikia mgonjwa huyu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tayari yuko wodini. Anahitaji kipimo cha kreatinini, maana uwezo wa figo ukiwa umeshuka sana dripu hii hapewi. Anahitaji vitamini D ya kutosha siku kadhaa kabla, mtu wa kumwangalia meno, parasetamoli kwa ajili ya homa ya siku ya kwanza, na dakika zisizopungua 15 za dripu. Ukimpa kila mgonjwa dakika 45 za kiti, kuanzia kumtafutia mshipa hadi kumwondolea kanula, kiti kimoja kinahudumia watu 10 kwa siku ya kazi ya saa nane, na wagonjwa 1,000 wanakwisha kwa siku 100. Dawa yenyewe hospitali kubwa zinaijua: zoledronati imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya saratani iliyofika mifupani. Ilivyo hapo, chupa ni ya miligramu 4 na ruhusa ni ya wodi ya saratani. Kwa wodi ya mifupa kinachotakiwa ni miligramu 5 na mstari mmoja kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu.